Mzee Alexander Lwakatare, Hakimu Aliyeuliza "Umesikia Nini?"

Mzee Alexander Lwakatare, ambaye leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2025 analazwa hapa Bujora kando ya mke wake, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1946 Kamachumu, Muleba, mkoa ambao leo tunauita Kagera. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Lwakatare na Mama Evelina Kokugonza, wakulima wa kahawa na ndizi. Alikulia ndani ya kibanja, chini ya kivuli cha migomba, na hakukisahau hata alipoishi mbali. Mpaka uzeeni, akinusa moshi wa majani makavu ya migomba alikuwa anasema, "Hapo mama anachoma taka." Mama yake alifariki mwaka 1979.

Kuna agizo moja ambalo familia inapaswa kulitaja mapema. Miaka michache iliyopita mzee alitoka kumzika hakimu mwenzake, akavua koti, akakaa, akamwambia binti yake mkubwa, Evelina, "Mtu aliyesomwa pale leo mimi simjui. Yule niliyefanya naye kazi alikuwa mkali, mchoyo wa chai, na nilimpenda. Mimi msinisome hivyo." Kwa hiyo humu mtasikia na yale ambayo kwa kawaida hayasomwi makaburini.

Alianza shule ya misheni ya Rutabo mwaka 1954, akaendelea na shule ya kati, kisha Ihungo, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1966. Hakuwa wa kwanza darasani na hakuwa wa mwisho. Alichojulikana nacho ni mfuko wa kahawa ya kutafuna aliofungiwa na mama yake kila muhula unapoanza. Mwenzake akifiwa, akichapwa au akifeli, Alexander alikuwa hasemi neno. Anafungua mfuko, anamtilia punje mbili tatu kiganjani. Desturi hiyo hakuiacha. Walio wengi hapa mmewahi kupewa kahawa hiyo kutoka mfuko wa koti lake, na wasio Wahaya mnakumbuka mlivyokunja nyuso.

Januari 1967 alipanda meli ya MV Victoria bandari ya Bukoba, akashuka Mwanza asubuhi na sanduku moja la bati. Alisimulia kwamba alipoona nyumba za watu zimekaa chini ya yale mawe makubwa, alidhani ni watu wasiojali maisha yao. Chumba alichopangishwa kilikuwa chini ya jiwe. Wiki nzima alilala na viatu miguuni ili likianza kushuka awahi kutoka. Mwenye nyumba alipogundua alimwambia, "Kijana, hilo jiwe babu yangu alilikuta hapa. Vua viatu, unachafua shuka."

Aliajiriwa karani wa mahakama hapo mjini. Mwaka 1971 alipelekwa Mzumbe kusomea sheria, na mwaka 1973 akapangiwa kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo Kisesa, si mbali na hapa tuliposimama. Hapo ndipo alipomwona Dorotea, binti wa Mzee Malimi, akiimba katika kwaya ya kanisa la Bujora. Aliwaambia watoto wake kwamba alianza kusali kwa bidii mwaka ule.

Habari ya posa yake inajulikana Bujora nzima, lakini wageni wetu hawaijui. Alexander alikwenda kwa Mzee Malimi na makarani wawili, wote Wahaya, wote wamevaa tai. Mzee Malimi alikijua Kiswahili vizuri tu, maana alikuwa anauza pamba kwa watu wa kila kabila. Siku ile aliamua kusema Kisukuma tangu mwanzo hadi mwisho. Alisema kwa utulivu, kwa muda mrefu, huku akimtazama kijana usoni. Alexander aliona haya kusema hajui. Hakimu mzima wa Kisesa, aseme mbele ya baba wa binti kwamba hajui lugha ya watu anaowahukumu? Akawa anatikisa kichwa. Mwisho mzee akageukia Kiswahili.

"Umeelewa, hakimu?"

"Nimeelewa, baba."

"Basi Jumatatu alfajiri."

Jumatatu alfajiri vijana wa kikundi cha kulima walimgongea mlango na ngoma yao na jembe la ziada. Ndipo alipojua alichokubali. Mzee Malimi alikuwa amesema kwamba hampi binti yake mtu ambaye hajaiona mikono yake ikifanya kazi, na kwamba mwenye nia atalima pamoja na vijana mpaka shamba la pamba liishe. Alexander alilima. Kila asubuhi kabla ya mahakama alikuwa shambani, katikati ya mstari, na pembeni yake mara nyingi alikuwa mtu mwenye kesi mbele yake wiki hiyo hiyo. Mikono ilitoka malengelenge, akashindwa kushika kalamu, karani akawa anamwandikia.

Shamba lilipoisha, Mzee Malimi alimwita. "Nilikuuliza umeelewa, ukasema ndiyo," alimwambia. "Kila mtu husema ndiyo. Ningekuuliza umesikia nini, ungeponea hapo."

Marehemu alisema kwamba Mzumbe walimfundisha sheria, lakini kazi alifundishwa kwenye shamba la pamba. Mama Dorotea yeye alikuwa na maoni yake: "Angesema hajaelewa, baba angemhurumia, angemwacha aende. Mimi ningeolewa na nani?" Walifunga ndoa tarehe 10 Agosti 1974. Mungu aliwajalia watoto watatu, Evelina, Ngosha na Immaculata. Mama Dorotea alitangulia mbele za haki tarehe 3 Septemba 2016.

Mwaka 1980 alipandishwa kuwa hakimu wa wilaya, akahamishiwa Geita. Huko alikuwa na rafiki wa kucheza naye bao, mwenye duka la sabuni na vitambaa. Katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 rafiki huyo alichukuliwa, kesi yake ikaenda moja kwa moja kwenye chombo maalumu, haikupita kwa hakimu yeyote. Baada ya miezi mingi aliachiwa akarudi nyumbani. Aliporudi hakujua ni nani aliyemsema, wala alisema nini. Hakuwahi kusomewa. Akaacha kusalimia watu. Akaacha na bao. Aliwagawa majirani zake mafungu mawili, waliomsema na wanaowajua waliomsema, na akafa hivyo. Marehemu alikuwa akifika hapo katika simulizi anatazama pembeni.

Kisha alihamishiwa Ukerewe, alikokaa kuanzia mwaka 1984 hadi 1991, miaka ambayo yeye na Mama Dorotea waliihesabu kuwa mizuri kuliko yote. Ndiyo miaka ya samaki wa kuokwa nyuma ya nyumba, machungwa ya Nansio, na watoto wanaorudi kutoka ziwani wamevimba macho kwa kupiga mbizi. Na ndiko alikopata jina.

Wale wasiojua mambo ya mahakama waelewe hivi. Kesi kubwa, kama ya mauaji, husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini huanzia kwa hakimu wa chini. Hakimu huyo hana mamlaka ya kuhukumu. Kazi yake ni kumsomea mshtakiwa shtaka lake na maelezo ya mashahidi wote waliomtaja, yote, halafu kumkabidhi kwa Mahakama Kuu. Mahakimu wengi waliiona hiyo kazi ya tarishi: soma haraka, piga muhuri, apande karandinga. Marehemu aliisoma polepole kama mtu anayesoma injili. Yaliyoandikwa kwa Kiingereza aliyasema kwa Kiswahili, na mtu asiyejua Kiswahili alitafutiwa mkalimani wa lugha yake. Kila shahidi alipokwisha, aliweka karatasi chini na kumtazama mshtakiwa. Hakuuliza kama ameelewa. Aliuliza, "Umesikia nini?"

Kuna mvuvi wa Ukara aliyeshtakiwa kwa mauaji, akakaa mahabusu zaidi ya mwaka. Siku ya kusomewa, baada ya shahidi mmoja, aliulizwa swali hilo.

"Nimesikia shemeji yangu anasema aliniona na panga," alijibu.

"Na wewe una la kusema?"

"La kesi sina leo, nitasema kwa jaji. Lakini nashukuru kujua kwamba ni shemeji. Nilikuwa nadhani ni jirani, na jirani wa watu nimemchukia bure mwaka mzima."

Watu walicheka mpaka askari akacheka. Mvuvi yule alipofika Mahakama Kuu alikuwa amekwisha kumtafuta mtu wa kumjibu shemeji. Lakini marehemu aliposimulia hakuishia kwenye kesi. Aliishia kwenye jirani: kwamba mtu yule, alipoachiwa, alirudi Ukara akapita nyumba ya jirani kwanza, kabla ya kwake. Tangu hapo Ukerewe walimwita Bwana Umesikia Nini, na watoto wake shuleni wakaitwa watoto wa Umesikia Nini.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Hakuna mtoto aliyepigwa kabla ya kusomewa. Mama Dorotea alikuwa mlalamikaji, mzee alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mshtakiwa akasimama mlangoni.

"Shtaka ni sukari," Mama Dorotea alisema siku moja, Evelina akiwa na miaka kama saba.

"Mashahidi?"

"Sisimizi. Wametoka kwenye kopo mpaka kitandani kwake."

"Mwingine?"

"Mimi mwenyewe. Nimechota maji tangu asubuhi, nimepika, nimefua, nimerudi kutafuta sukari ya chai yangu, nimekuta kopo linalia."

Mzee akamgeukia mtoto. "Umesikia nini?"

Evelina akafikiri. "Nimesikia mama amechoka."

Kesi iliishia hapo. Baba alikwenda mwenyewe dukani kununua sukari, na Evelina akapewa ndoo akachote maji.

Mwaka 1991 alirudishwa Mwanza kuwa hakimu mkazi, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Alijenga Butimba, upande wa chuo cha ualimu, akapanda migomba katikati ya mawe ambapo kila mtu alimwambia haitaota. Iliota. Hakupenda kuitwa mheshimiwa. Alikuwa mbishi, mwepesi wa kukasirikia redio, na alipokuwa na njaa hakuna aliyepata haki kwake. Hilo nalo alitaka lisomwe.

Sasa yafuate mambo ya mwaka huu na mwaka jana, ambayo wengi wenu mmeyasikia nusu nusu.

Februari 2024 Malimi, mtoto wa kwanza wa Evelina, mwenye jina la yule babu wa shamba la pamba, alikamatwa. Alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa nje kwa bei kubwa. Alikamatwa pamoja na mwenye ghala na dereva, wakashtakiwa kwa uhujumu uchumi, kosa lisilo na dhamana katika mahakama lilikofunguliwa. "Mimi nilipima tu, mama," ndilo neno alilomwambia mama yake. Akapelekwa gereza la Butimba. Marehemu aliwaambia majirani, "Mjukuu wangu amehamia karibu yangu. Tatizo haruhusiwi kuja kula." Kisha akaingia ndani, na jioni ile hakufungua redio.

Evelina anauza dagaa katika soko la Mwaloni. Kila tarehe ya kesi aliwaachia wenzake meza akaenda mahakamani, na kila mara wakili wa Serikali alisimama akasema upelelezi haujakamilika, kesi ikaahirishwa. Alilisikia neno hilo mpaka akawa analitamka kimoyomoyo kabla ya mwenyewe kufungua mdomo. Alijua Malimi amekonda kiasi gani kwa kuangalia mkanda wa suruali. Alijua askari yupi anaruhusu kumsalimia na yupi haruhusu. Usingizi ulimpotea.

Mwaka mmoja baadaye ikatangazwa kwamba mahakama maalumu ya makosa kama hayo ingekaa Mwanza kumaliza kesi zilizolundikana, na kwamba ya akina Malimi ingechukuliwa moja kwa moja. Evelina alipanda bodaboda kutoka Mwaloni hadi Butimba na magamba ya dagaa bado mikononi.

"Shikamoo baba. Wanaichukua kesi. Mwezi ujao anaingia kwa jaji."

"Marahaba. Amesomewa maelezo kwa hakimu?"

"Hajasomewa. Ndiyo maana itakuwa haraka. Hapo wameparuka."

"Nani amewaambia waparuke?"

"Ni mahakama maalumu, baba. Ina taratibu zake."

"Maalumu kwa anayehukumu," mzee alisema. "Anayeshtakiwa ni yule yule."

"Mwanangu yuko ndani mwaka mzima. Leo mlango umefunguka, wewe unataka kuusukuma ufungwe."

"Huo ni wa kuingilia, mama. Wa kutokea sijauona bado." Alimwita mama tangu utoto, kwa sababu alibeba jina la mama yake.

Kesho yake mzee, akiwa tayari mgonjwa, alikodi bajaji hadi Nyamagana, ofisini kwa wakili wa Malimi, Bi Wilhelmina. Alimkuta naye anaumwa kichwa na jambo hilo hilo.

"Mzee, mimi pingamizi ninaliona," wakili alimwambia. "Mahakama haiwezi kumpokea mtu ambaye hajakabidhiwa na hakimu. Lakini nikilitoa, kijana anaendelea kukaa ndani, na mama yake ananitazama kila tarehe. Unamjua anavyotazama?"

"Ninamjua. Nimemzaa."

"Basi shikamoo mara ya pili, mzee. Niamulieni nyinyi."

"Si mimi wala mama yake. Tukamuulize mwenye kesi."

Siku ya kutembelea wafungwa alikwenda gerezani. Alimweleza Malimi pande zote mbili: akikubali, kesi inaanza mapema, lakini ataingia bila kujua nani amesema nini mpaka wasimame mbele yake; akipinga, atasomewa yote kwanza, ila atasubiri, na kusubiri kwenyewe ni huko huko ndani. Malimi aliuliza swali moja tu.

"Babu, nikisomewa nitajua nani kanitaja?"

"Utajua."

"Basi nitasubiri. Humu ndani kila nikilala ninamshuku mtu mwingine. Juzi nimemshuku hadi anayetuletea maji pale ghalani."

Evelina hakukubali. Aliona wanaume wawili wamekaa wakakubaliana kumweka mwanawe ndani. Aliendelea kumletea baba yake chakula kila jioni, ndizi na dagaa, kwa sababu hilo halikuwa na uhusiano na ugomvi. Aliweka hotipoti mezani, akasema shikamoo, akaitikiwa, akaondoka. Marehemu aliwaambia waliomtembelea, "Binti yangu amenifungia dhamana."

Pingamizi lilisikilizwa. Wakili wa Serikali alisema mahakama hiyo imepewa nguvu yake yenyewe, na kwamba washtakiwa wangepewa maelezo yote kwa maandishi wakayasome. Bi Wilhelmina alijibu kwamba kupewa karatasi na kusomewa mbele ya hakimu ni mambo mawili, na kwamba hatua iliyowekwa kumlinda mtu haiondolewi kwa sababu tu mahakama imeitwa maalumu. Mzee alikaa kwenye benchi la nyuma na mto mdogo mgongoni. Evelina alikaa benchi la mbele.

Tarehe 24 Aprili 2025 jaji alisoma uamuzi wake. Alisema katika shauri hili hakuona mahali ambapo sheria imeruhusu hatua ya hakimu irukwe, na kwa hiyo kesi haikuwa imefika kwake kihalali. Jalada lirudi kwa hakimu, washtakiwa wasomewe, ndipo wakabidhiwe. Tarehe ya kusomewa ikapangwa Alhamisi, 19 Juni.

Jioni ile Evelina aliweka hotipoti mezani na hakuondoka.

"Umeshinda," alisema.

"Hakuna aliyeshinda. Amerudishwa kwa hakimu, basi." Mzee alisogeza kiti kingine. "Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia kwamba mwanangu bado yuko ndani."

"Umesikia vizuri," baba yake alimwambia. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akamtilia kahawa kiganjani. Walikula pamoja.

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2009, na figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi wa Bugando waliokuwa wakimsafisha damu, na waliomvumilia alipokuwa akiwahoji kama mashahidi. Mwezi Mei mwaka huu alidhoofika, miguu ikavimba, akalazwa. Mdogo wake, Mzee Muganyizi, alikuja kutoka Kamachumu na mfuko wa kahawa ya kutafuna iliyoandaliwa nyumbani kwao. Mzee hakuwa na nguvu ya kutafuna. Aliomba awekewe tu chini ya mto, akasema inatosha kuisikia harufu.

Siku chache kabla hajafariki alimshika Evelina mkono.

"Siku ya kusomewa isiahirishwe. Hata kama sababu ni mimi."

"Baba, usiseme hivyo."

"Na kama ni mimi, Malimi asiambiwe kwanza. Asomewe, ndipo aambiwe. Masikio yake yote ayapeleke pale." Akapumzika kidogo. "Umesikia nini?"

"Nimesikia isiahirishwe."

"Na lingine?"

"Asiambiwe kwanza."

"Basi, mama. Tumemaliza."

Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025, akiwa na Evelina na Ngosha kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Kuna waliouliza kwa nini juzi Alhamisi, matanga yakiwa nyumbani, binti mkubwa wa marehemu hakuonekana msibani mpaka jioni. Alikuwa mahakamani. Alivua kitambaa cha msiba mlangoni ili Malimi asikione, akajipaka mafuta usoni, akakaa benchi la nyuma, pale baba yake alipokuwa anakaa. Hakimu alianza kusoma kwa haraka. Bi Wilhelmina akasimama, akaomba kwa heshima isomwe polepole, hakimu akakubali. Ikasomwa yote. Evelina hakuelewa kila neno la mambo ya vibali na uzito, lakini alisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango usiku. Shahidi mmoja baada ya mwingine alisomwa, na jina la mwanawe halikuja. Kisha likaja, katika maelezo ya mtu mmoja, mtu aliyewahi kula nyumbani kwake. Alimtazama Malimi. Malimi aliinamisha kichwa, akakiinua, akakaa wima kuliko alivyokaa siku zote. Hakimu akamaliza, akawakabidhi wote watatu kwa mahakama ile ile maalumu, ambako kesi itasikilizwa tarehe itakayopangwa.

Wakati wanapelekwa kwenye karandinga, askari yule anayeruhusu aliruhusu. Evelina alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga tangu asubuhi. Lililotoka ni moja.

"Umesikia nini, mwanangu?"

"Nimesikia wote, mama. Nimesikia nani, na nimesikia kasema nini. Nina la kumjibu, na ninajua nimwite nani anisaidie kumjibu." Akavuta pumzi. "Na yule wa maji wa watu, nimwombe radhi. Mwambie babu nimesikia."

Hapo ilibidi amwambie. Alimwambia kwa maneno machache, ameshika chuma cha karandinga. Injini ikawaka. Malimi akasema, "Basi mwambie hivyo hivyo."

Marehemu ameacha watoto watatu: Evelina Kokugonza wa Mwaloni, Ngosha ambaye ni mwalimu Magu, na Immaculata Kokulinda, muuguzi wa Bukoba. Ameacha mdogo wake, Mzee Muganyizi, aliyeleta udongo wa kibanja cha Kamachumu utakaochanganywa na huu wa Bujora. Ameacha wakwe, wajukuu na vitukuu, na mashemeji zake wote wa hapa, ambao vijana wao leo asubuhi wamekataa kulipwa kuchimba kaburi, wakasema marehemu aliwahi kulima zamu yake na babu zao. Miongoni mwa wajukuu ni Malimi, ambaye hayupo hapa kwa sababu mnayoijua sasa yote, si nusu.

Yeye ametuma neno, na familia ilikuwa haijalifikisha. Linafikishwa sasa, mbele yenu, kabla udongo haujashuka: Babu, Malimi amesomewa yote, polepole, na amesikia.

Lala sasa, mzee. Na amani iwe juu yako.